Kupima mtiririko wa damu ndani ya ini lenye sirosisi kwa mashine ya CT: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nafanya kazi chumba cha CT, mashine ya eksirei inayopiga mwili kipande kwa kipande, na hapa naongelea sirosisi, yaani ini lililojaa kovu. Maswali haya nimeulizwa na wagonjwa, na ndugu wanaowasindikiza (hao ndio wenye maswali magumu), na madaktari walio mafunzoni. Nayajibu hapa kama ninavyowajibu wao, ila kwa nafasi zaidi, maana hakuna mtu anayesubiri mlangoni.

Kipimo hiki kina tofauti gani na CT ya kawaida ya tumbo?

CT ya kawaida hupiga tumbo zima mara chache: kabla ya dawa inayofanya damu ing'ae pichani, dawa ikiwa kwenye ateri (mishipa itokayo upande wa moyo), ikiwa kwenye vena (mishipa inayorudisha damu), na pengine tena baada ya dakika kadhaa. Inaonyesha umbo. Utaona ini limesinyaa, kingo zake zina vinundu, bandama imevimba, maji yamejaa tumboni.

Kipimo cha mtiririko hakizunguki tumbo zima. Mashine hukaa juu ya ini na kulipiga tena na tena, kila baada ya sekunde moja hadi tatu, kwa dakika moja au zaidi, wakati dawa yenye iodini ikiingia na kutoka. Tunachopata ni kama filamu fupi, kisha kompyuta inakokotoa kila sehemu ya ini imepata damu kiasi gani kwa dakika. Ukipiga picha ya mfereji wa shamba la mpunga utajua upana wake. Kujua maji yanayoingia jarubani ni kiasi gani, itabidi usimame ukingoni uyatazame yakipita.

Tunajua tayari kwamba ini lina sirosisi. Ya nini tena kupima damu?

Kwa sababu mengi yanayomuumiza mgonjwa wa sirosisi yanatokana na damu kukosa njia.

Ndani ya ini lenye afya damu hupita kwenye vijia vidogo sana ambavyo kuta zake zina matundu, ili seli za ini zichote kinachohitajika. Kovu likianza kutanda, matundu yale yanaziba, vijia vinakazana, na damu inayotoka kwenye utumbo inakuta mlango mgumu. Shinikizo linapanda nyuma yake. Damu haikai ikisubiri. Inatafuta vichochoro kupitia umio, juu ya tumbo la chakula, kuzunguka bandama, hata kwenye kitovu. Mishipa ya umio ikipasuka mtu anatapika damu. Damu iliyopitia vichochoroni haikusafishwa na ini, kwa hiyo amonia, sumu itokayo utumboni, inafika kwenye ubongo, na baba wa watu anaanza kuchanganya mchana na usiku.

Sasa, watu wawili wanaweza kuwa na maini yanayofanana kabisa kwenye picha ya kawaida, mmoja ini lake bado linapata damu nyingi na mwingine karibu yote inakwenda pembeni. Tofauti hiyo ndiyo tunayoitafuta.

Kwa nini ini linasumbua kuliko viungo vingine?

Ini linalishwa na mifereji miwili. Figo ina ateri yake, ubongo una ateri zake, hesabu inaisha hapo. Ini lina vena ya lango, inayoleta damu kutoka kwenye utumbo na bandama, na hiyo ndiyo yenye takriban robo tatu ya damu yote. Halafu kuna ateri ya ini, yenye robo iliyobaki, ikija moja kwa moja kutoka upande wa moyo na shinikizo kubwa zaidi. Kwa jumla ini la mtu mzima hupitisha lita moja hadi moja na nusu kwa dakika, kama robo ya damu yote inayosukumwa na moyo.

Mifereji hii inasikilizana. Wa lango ukipungua, ateri inapanuka kufidia. Mwanafiziolojia Wayne Lautt alieleza namna inavyotokea: kuna kemikali iitwayo adenosini inayozalishwa muda wote karibu na mishipa hiyo, na damu ya lango kazi yake mojawapo ni kuizoa. Damu ikipungua, adenosini inajikusanya, na ateri inalegea. Hakuna neva inayotoa amri.

Kwa hiyo ukipima jumla peke yake unaweza kudanganyika. Ini limepoteza damu ya lango, ateri imeongeza, jumla imeshuka kidogo tu, na ripoti inasema hali si mbaya. Habari yenyewe ilikuwa kwenye mgao. Nikiombwa kusoma namba moja tu kwenye ripoti ya kipimo hiki, nitasoma asilimia ya damu inayotoka kwenye ateri.

Hesabu inafanywaje hasa?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ni rahisi kuliko watu wanavyodhani.

Kila nukta kwenye picha ya CT ina namba, kwa uniti za Hounsfield. Maji ni 0, hewa ni -1000, ini kabla ya dawa ni kama 60. Iodini ikiingia namba inapanda, na inapanda kwa uwiano na wingi wa iodini: iodini maradufu, mpando maradufu. Hapo ndipo CT inapopata sifa yake katika kazi hii, kwa sababu kwenye MRI, mashine ya sumaku, uhusiano huo haunyooki hivyo.

Tunachora duara dogo kwenye aota (ateri kuu itokayo moyoni), jingine kwenye vena ya lango, jingine kwenye bandama, na mengine kwenye ini penyewe, tukikwepa mishipa mikubwa. Kompyuta inatoa mistari minne ya kupanda na kushuka kadiri sekunde zinavyokwenda. Aota inaruka juu kwanza kama mtu aliyeshtuliwa. Bandama inafuata, na kwa sekunde chache huwa na mistarimistari kama pundamilia kabla haijawa sare; mwanafunzi akiiona mara ya kwanza hudhani ni jeraha. Kisha vena ya lango. Ini lenyewe linapanda polepole, kwa mteremko wa kwanza mdogo na wa pili mkubwa.

Njia ya zamani na nyepesi, iliyojengwa miaka ya 1990 juu ya kazi ya Ken Miles na wenzake nchini Uingereza, inasema hivi: chukua kasi kubwa kabisa ya kupanda kwa ini katika kila kipindi, igawe kwa kilele cha mshipa unaoleta damu.

Tuweke namba za mfano nilizozitunga. Kabla ya bandama kufika kileleni, ini linapanda kwa uniti 0.8 kila sekunde, na kilele cha aota ni uniti 240 juu ya mwanzo wake. Gawa, zidisha kwa 60 upate dakika, kisha kwa 100: mililita 20 za damu ya ateri kwa dakika kwa kila mililita 100 za ini. Baada ya bandama kufika kileleni, ini linapanda kwa 1.6 kwa sekunde, na kilele cha vena ya lango ni 120: mililita 80. Jumla 100, na mchango wa ateri ni asilimia 20. Hilo ni ini linaloweza kulala usingizi.

Mgonjwa wa pili, vilele vile vile. Mteremko wa kwanza 1.2, wa pili 0.8. Ateri inatoa 30, lango 40. Jumla imeshuka kutoka 100 hadi 70, lakini mchango wa ateri umeruka kutoka asilimia 20 hadi karibu 43. Mfereji mkubwa umebaki na nusu ya maji yake.

Njia mpya zaidi hazitegemei mteremko peke yake. Zinachukua mistari yote na kutafuta jibu moja linaloipatanisha, zikichukulia kwamba ini ni chombo kimoja chenye milango miwili ya kuingilia. Hizo hutoa pia muda ambao dawa hukaa ndani ya ini kabla ya kutoka.

Bandama inahusikaje wakati tunapima ini?

Ni saa yetu. Bandama inapata damu ya ateri tu, kwa hiyo kilele chake kinatuambia kwamba wimbi la ateri limekwisha pita na damu ya lango ndiyo inayotawala sasa. Mpaka huo si ukuta. Damu kidogo ya lango hutangulia, ikahesabiwa kwa ateri. Hiyo ni sababu moja watu wakahamia kwenye njia ya milango miwili.

Namba za kawaida ni zipi?

Utafiti unaotajwa sana ni wa Bernard Van Beers na wenzake wa Ubelgiji, uliochapishwa mwaka 2001. Watu wasio na ugonjwa wa ini walikuwa na wastani wa mililita 108 kwa dakika kwa kila mililita 100 za ini. Wenye sirosisi 67. Mchango wa ateri ulikuwa asilimia 17 kwa wa kwanza, 41 kwa wa pili. Muda wa dawa kukaa ndani ya ini ulikuwa sekunde 16 dhidi ya 51. Waliokuwa na ugonjwa sugu wa ini usiofikia sirosisi walifanana zaidi na wazima.

Wastani husema mambo ya kundi. Ndani ya kila kundi namba zilitawanyika sana, na makundi yaliingiliana. Usichukue ripoti yako ukailinganisha na aya hii ukiwa kwenye daladala.

Je, kinaweza kuchukua nafasi ya kupima shinikizo la vena au endoskopi?

Hapana. Shinikizo hupimwa kwa kupitisha mrija mwembamba kutoka kwenye vena ya shingo hadi vena ya ini. Kawaida tofauti kati ya shinikizo la kuingia ini na la kutoka ni milimita 1 hadi 5 za zebaki. Kuanzia 10 shinikizo limeshakuwa la kuhofiwa, na kuanzia 12 kutokwa na damu kunakuwa hatari ya kweli. CT inapima mtiririko, na mtiririko si shinikizo: mto mdogo kwenye bomba jembamba na mto mkubwa kwenye bomba pana vinaweza kuwa na shinikizo lile lile. Vipimo hivi viwili vinakwenda pamoja kwa kiasi fulani tu.

Endoskopi, kamera inayopitishwa kooni, nayo inaona mishipa iliyovimba na inaweza kuifunga hapo hapo. Mashine yangu haifungi chochote.

Na kwa wagonjwa wengi wenye sirosisi ambayo haijaanza kuleta madhara, kipimo cha ugumu wa ini kwa FibroScan (mashine inayotumia mawimbi ya sauti) pamoja na hesabu ya chembe sahani za damu kinatosha kuanzia. Mapatano ya wataalamu ya Baveno VII yanasema ugumu usiozidi kilopaskali 15 pamoja na chembe sahani zisizopungua 150,000 unaondoa wasiwasi wa shinikizo kubwa. Kuanzia 25 unauthibitisha kwa wagonjwa wa homa ya ini ya virusi na wa pombe.

Nije bila kula?

Ndiyo, na sisemi hivyo kwa sababu ya kutapika tu. Ukila, utumbo unaita damu, na damu hiyo yote inarudi kupitia vena ya lango. Mtiririko wa lango unapanda kwa mlo wa kawaida kabisa. Niliwahi kumpima mzee mmoja ambaye namba zake zilikuwa nzuri kupita picha ya ini lake. Nilipomuuliza akasema hakula kitu, "nimekunywa chai tu." Nikamuuliza chai na nini. Chai na vitumbua vinne. Tulimpangia siku nyingine.

Kwetu masharti ni saa sita bila chakula. Maji kidogo ruksa. Dawa zako endelea kumeza isipokuwa daktari amesema vinginevyo, na tuambie kama unatumia propranolo au kavedilo, kwa sababu hizo hupunguza damu inayokwenda kwenye utumbo na zitabadilisha namba bila ugonjwa kubadilika.

Chumbani inakuwaje?

Tunaweka kanula ya kijani, ile nene, kwenye mshipa wa kiwiko. Ndugu hulalamika kwamba ni kubwa. Ni lazima: dawa inaingia kwa kasi ya mililita 4 au 5 kila sekunde, wakati mwingine zaidi, na kanula ya waridi inaweza isihimili. Utahisi joto likishuka kutoka kooni hadi kwenye nyonga, kama umejikojolea. Hujajikojolea. Linapita kwa muda mfupi.

Kazi ngumu ni pumzi. Ini linapanda na kushuka na diafragmu, na duara letu dogo likiondoka mahali pake tunapima kitu kingine. Mwenye maji mengi tumboni hawezi kubana pumzi kwa dakika nzima, kwa hiyo tunamwambia apumue kidogokidogo, kama mtu anayevizia kuku, na baadaye programu inazipanga picha zioane. Mashine yenye safu 64 za vipokezi vya mionzi inakamata takriban sentimita 4 za ini kwa mkao mmoja. Za safu 320 zinakamata 16, karibu ini zima la watu wengi.

Mionzi ni mingi?

Ni mingi kuliko CT inayopiga tumbo mara moja, kwa sababu tunapiga mara nyingi sehemu ile ile. Itifaki nyingi, yaani taratibu za upigaji, hufikia milisivati (kipimo cha mionzi) 10 au kuzidi. Kwa kulinganisha, mionzi ya asili tunayopata wote duniani ni wastani wa 2.4 kwa mwaka. Tunapunguza kwa kushusha volti hadi kilovolti 80 au 100, na hapo tunapata faida mbili, kwa kuwa iodini hung'aa zaidi mionzi ikiwa na nguvu ndogo.

Kwa mzee wa miaka 65 mwenye uvimbe kwenye ini, sihangaiki sana. Kwa kijana wa miaka 22 ambaye altrasaundi ya Doppler, inayopima mwendo wa damu bila mionzi, ingejibu swali lake, nitampigia daktari simu kabla ya kuwasha mashine. Mjamzito hatumpimi kwa kipimo hiki.

Nina mzio wa kamba. Dawa ya iodini itanidhuru?

Swali hili halikosi kwa watu wa pwani. Mzio wa kamba au kaa unatokana na protini iliyomo kwenye nyama yake, hauhusiani na iodini. Mwenye mzio huo anaangaliwa kama mwenye mzio wa aina nyingine yoyote. Tunachotaka kujua kwa dhati ni kama uliwahi kupata shida kwa dawa hii yenyewe ya CT.

La figo ndilo linalonikosesha raha. Mgonjwa wa sirosisi amekonda misuli, na kreatinini, taka ya damuni tunayopimia figo, inatoka kwenye misuli. Kwa hiyo kreatinini yake inaweza kusomeka vizuri kumbe figo zimechoka. Tunahitaji kipimo cha karibuni, tunauliza kama anatumia dawa za kukojoza au amekunywa diklofenaki kwa maumivu ya mgongo, na aliyetolewa maji mengi tumboni jana hatumkimbizi mezani leo.

Mimi natoka kanda ya ziwa, niliambiwa nina kichocho cha ini. Ndiyo sirosisi?

La, ingawa mlangoni tunawaona wakiwa na dalili zinazofanana: bandama kubwa, kutapika damu. Kichocho cha tumbo, kinachojulikana sana Mwanza, Ukerewe na visiwa vya jirani, huacha mayai kwenye matawi madogo ya vena ya lango. Kovu linazunguka matawi hayo kama gamba la bomba, na kizuizi kinakuwa kabla ya damu kufika kwenye vijia vya ini. Seli zenyewe za ini mara nyingi bado zinafanya kazi vizuri, ndiyo maana mgonjwa anaweza kutapika damu nyingi na bado macho yake hayana manjano.

Kwa upimaji, hii ina maana kubwa. Mrija wa kupima shinikizo kwenye vena ya ini unaweza kusoma namba ya kawaida au iliyopanda kidogo tu, kwa kuwa uko upande wa pili wa kizuizi. Altrasaundi iliyofanywa na mtu anayekijua kichocho inatosha kwa wengi, na inagharimu kidogo. Tena, watu wengine wana vyote viwili, kichocho na homa ya ini B, na hapo hakuna picha moja inayomaliza ubishi.

Kinasaidia kwenye saratani ya ini?

Hapa ndipo kina nguvu zaidi, kwa maoni yangu. Kinundu cha sirosisi kikianza kugeuka saratani, hupoteza polepole damu ya lango na kujijengea ateri zake. Kwenye ramani ya rangi ya ateri kinawaka, kwenye ya lango kinakuwa shimo. Baada ya kuziba ateri inayolisha uvimbe, au kuanza dawa zinazokata mishipa yake, damu hupungua kabla ukubwa haujabadilika. Daktari anaweza kujua mapema kama tiba imeshika.

Nimepimwa hospitali mbili, namba hazifanani. Nani amekosea?

Huenda hakuna. Uliza programu gani ilitumika na njia gani ya hesabu; ya mteremko na ya milango miwili hazitoi namba zinazobadilishana. Uliza pia kama walirekebisha kwa wingi wa chembe nyekundu, kwa sababu dawa inakaa kwenye maji ya damu tu, na mwenye sirosisi aliyepungukiwa damu atasomeka tofauti na mwenye damu ya kutosha. Ukitaka kufuatilia mabadiliko, rudi kwenye mashine ile ile, itifaki ile ile, ukiwa na njaa ile ile.

Ini likitibiwa, damu inarudi njia yake?

Kovu si la milele kama tulivyofundishwa zamani. Katika utafiti wa dawa ya tenofovia kwa homa ya ini B uliochapishwa mwaka 2013, wagonjwa 96 walikuwa na sirosisi mwanzoni wakapimwa tena kwa kipande cha ini baada ya miaka mitano ya dawa, na 71 kati yao hawakuwa nayo tena. Vijia vikifunguka, shinikizo hushuka. Vichochoro vilivyokwisha kupanuka, hata hivyo, haviondoki haraka, na anayemeza dawa vizuri bado anahitaji kufuatiliwa.

Niombe kipimo hiki?

Kwa kawaida mgonjwa hakiombi. Mpaka leo kinafanyika zaidi kwenye utafiti na kwenye vituo vikubwa vinavyotibu uvimbe wa ini. Kama daktari amekiandika, muulize jibu litabadilisha nini kwenye matibabu yako. Akikujibu bila kusita, njoo asubuhi, na vitumbua uviache nyumbani.